Kwetu hakuna tena mutu anauliza mega zimebaki ngapi

Watu wa avenyu wakiniona wananiuliza kitu kimoja tu, inakimbia? Inakimbia. Tuko na fibre nyumbani sasa, huku Bel-Air, Lubumbashi, ile ya kamba kabisa yenye inaingia kwa ukuta, na kama mungeona kile tulichotoka nacho mungeelewa juu ya nini naandika hii yote. Lakini mie naona kukimbia si njo habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba hakuna tena mutu anahesabu.

Kwanza tulikuwa na ile modemu ndogo ya kuchomeka kwa ordinateri, munazijua, ukiitoa dirishani tu rezo inakwenda. Kisha tukapanda cheo, tukaweka antena juu ya paa, bomba refu la chuma, sahani inaangalia pilone ya fournisseur (ile kampuni yenye inatuuzia intaneti), kamba inashuka mpaka kwa ruta ya saloni. Kwa karatasi waliandika 512. Si mega 512, ni kilobiti 512 kwa segonde, na biti si baiti, unagawa kwa 8 unabakia na kilobaiti 64. Piga hesabu sasa: filimu ya megabaiti 700 ni masaa matatu, tena kama hakuna mutu mwingine kwa laini, na mutu mwingine hakosekani. Na fibre yetu ya megabiti 20 kwa segonde (ndogo kabisa kwa liste yao, musifikiri tumekuwa matajiri) ile filimu haimalizi dakika tano.

Bon, 512 tungeivumilia. Chenye kilituchokesha ni ile kiasi ya mwezi, ukiimaliza wanakushusha mpaka hata barua pepe haifunguki. Mega zilikuwa kama unga wa bukari mwisho wa mwezi, kila mutu anajua kumebaki kiasi gani na kila mutu anamushuku mwenzake. Mama alikuwa na sheria zake: picha za WhatsApp zisijifungue zenyewe, video za groupe ya kanisa lazima mutu mwingine afungue kwanza aseme kama inafaa, mugeni hapewi code hata akiwa mushemeji. Mudogo wangu mwenye anasoma UNILU (iniversite ya Lubumbashi) aliamka katikati ya usiku juu forfe ya usiku ilikuwa bei ya chini, anapakua masomo, kisha anaenda kosi macho mekundu. Na mie ordinateri yangu niliikataza isijisasishe, miaka mizima, sijui virusi ngapi zilikaa humo zikipanga bure.

Siku za kwanza za fibre mudogo alikuwa bado anakuja kwa mulango.

« Yaya, nifungue hii? Iko mega mia mbili. »
« Fungua. »
« Na ile ingine? »
« Fungua, papa. »

Mama naye ilimuchukua muda, alikuwa anapita usiku kuzima Wi-Fi eti ipumuzike. Sasa ameacha, yeye njo wa kwanza kulalamika ikikatika juu anafuata mahubiri ya asubuhi kwa televizio. Na sisemi tumekuwa na akili zaidi, hapana. Mudogo anasoma vizuri, ile ni kweli, anarudisha video ya profesa nyuma mara anazotaka badala ya kusoma rezime ya mwenzake, lakini pia saa zenye tunapoteza kwa upuzi zimeongezeka. Tunazipoteza kwa amani, hiyo tu.

Kitu cha pili chenye watu hawaulizi ni kuchelewa. Fournisseur wetu wa zamani (jina sisemi) alikuwa anavuta intaneti yake kwa satelite, yenye inakaa juu ya ikweta, kilometa 35,786 toka chini. Ukiongea, neno lako linapanda, linashuka upande wa pili, kisha jibu nalo linapanda na linashuka kwako, mara nne, zaidi ya kilometa 140,000. Mwangaza wenyewe na mbio zake zote za kilometa 300,000 kwa segonde unachukua karibu nusu segonde, na hapo mashine za katikati hazijaongeza zao. Njo maana yaya wetu wa Bruxelles tulikuwa tunaongea naye kwa mateso, unasema, unangoja, unadhani hakusikia, unarudilia, na yeye anajibu ya kwanza wakati weye uko kwa ya pili, mama anakasirika eti mutoto akishafika Ulaya anakata wakubwa maneno. Hata ungelipa megabiti 100 kwa segonde ile nusu segonde ingebaki pale pale, juu ni umbali, si pesa. Mvua ya mwezi wa 12 ikianza kupiga, ile nayo ni kesi ingine, ulikuwa unazima tu ruta na kuchukua kitabu.

Na fibre, ping ya Ulaya, yaani muda wa kwenda na kurudi, inazunguka hapo kwa milisegonde 200. Mama sasa anagombana na yaya kwa wakati wake kabisa.

Watu wanadhani hii kamba inatoka Kinshasa. Congo iko na bahari yake kule Muanda, na kebo ya chini ya bahari yenye inaitwa WACS ilianza kazi kwetu 2013, tulifurahi, sawa, lakini toka Muanda mpaka Lubumbashi ukichora musitari ulionyooka ni zaidi ya kilometa 1,700, na Dar es Salaam iko karibu na sisi kuliko Muanda. Huku Katanga tunajua mulango wetu tangu zamani, Kasumbalesa, kwenye unga unaingilia na shaba inatokea. Intaneti pia iko na njia pale, unavuka Zambia, kisha unashuka Afrika Kusini ama unaenda Dar kwenye kebo za SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010, tofauti ni kwamba yenyewe haipangi foleni kwa mupaka. Na ni vizuri kuwa na njia mbili. Tarehe 6 mwezi wa 8, 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari, kwenye lile bonde refu lenye linaanzia kwa mudomo wa muto Congo, ukakata WACS na kebo ingine, SAT-3, kwa mara moja. Muto wetu wenyewe! Kwa hiyo mbele ya kusaini, uliza fournisseur: kebo ya bahari ikikatika upande mumoja, mutatupitisha wapi? Akikuangalia tu bila kujibu, umejibiwa.

Teknisie alikuja na ngazi, kijana wa adabu, « Mama, naomba nitoboe hapa », akavuta kakamba keusi toka kwa poto (nguzo) mpaka saloni. Ndani ya kale kakamba ni uzi wa kioo, mikromita 125, yaani unene wa unywele hivi. Akaukata na kamashine, akaunganisha kwa moto wa umeme, akapima mwangaza, basi. Muzee wa parseli ya pembeni alikuja kuangalia, yeye alikuwa na telefone ya kamba wakati wa Zaire, ya ONPTZ (posta na telefone ya serikali), na anajua zile kamba za shaba ziliishia wapi.

« Ndani ni shaba? »
« Hapana muzee, ni kioo. »
« Basi hawataiiba. »

Ningependa kumwamini. Shida ya mwizi wa huku ni kwamba anakata kwanza, anaangalia kisha. Ukiona kwa kisanduku chako taa ya LOS inawaka nyekundu, musihangaike kuzima na kuwasha ruta mara ishirini, mwangaza haufiki, kamba imekatika ama imekunjwa vibaya, pigia teknisie. Na watoto musiwaachie waikunje nyuma ya kabati, kioo hakipendi kona kali.

Sasa tuje kwa umeme, juu hapo njo watu wanajikwaa. Kisanduku cha kwa poto hakitumii umeme hata kidogo, ni kioo tu kinagawa mwangaza kwa nyumba 32 ama 64, na nyumba zile zote zinagawana gigabiti 2.5, njo maana jioni watu wakirudi kazini inalegea kidogo. Vyenye vinakula umeme ni viwili, mashine za fournisseur kule mwanzo na kisanduku cha kwako. Delestaji ikipiga, kile cha mwanzo omba Mungu wawe na groupe ya kutoa umeme na mazutu. Cha kwako ni shauri lako, na si kazi kubwa, vingi vinakula volti 12, soma nyuma kwa etiketi. Sie tumekiweka kwa batri na pano ya jua yenye ilikuwa tayari inawasha taa za saloni. Ila musichomeke kwa batri moja kwa moja, batri ikiwa inajazwa inapita volti 14, weka regulateri ya volti 12 katikati, vinginevyo utanunua kisanduku kingine na fournisseur hatakuonea huruma. Hii nasema kwa nguvu juu naona watu wanalipa abonema ya mwezi muzima na wanaitumia nusu ya mwezi.

Wi-Fi yenyewe ni hadisi fupi. Nyumba zetu ni za matofali ya kuchoma, kuta nene, ile ya 5 GHz inakimbia sana lakini ukuta wa pili haipiti, ile ya 2.4 inapita lakini iko polepole na imejaa Wi-Fi za jirani. Weka ruta katikati ya nyumba, juu, si chini ya televizio. Teknisie atataka kuweka karibu na dirisha juu kamba yake ni fupi, mubishie.

Code nayo nimebadilisha jana. Wale vijana wenye wanakaa kwa ukuta wetu kila jioni na telefone, wanajifanya wanangoja taxi, nimewaona, kwa poto nafasi bado ziko, muende muandikishe.