Merveilles ni nzuri, ila…

Leo naomba niseme, mkitaka mnishambulie: albamu bora ya Malice Mizer, bendi ya roki ya Japani, ni Bara no Seidou ya 2000, wala si Merveilles ya 1998. Najua. Merveilles ina sauti ya Gackt, ina wimbo Bel Air, na ndiyo inayomnasa kila mgeni wa visual kei, ile roki ya Kijapani ya vipodozi na mavazi ya kifahari. Hata mimi ilininasa. Lakini isikilizeni ile ya 2000 usiku, taa zimezimwa, mkiwa na hedifoni. Kinanda kikubwa cha kanisani, kwaya, halafu gitaa linaingia kwa ubabe! Kumbukeni ilitoka baada ya Gackt kuondoka na mpiga ngoma wao Kami kufariki, yote ndani ya 1999. Msiba unausikia mle ndani. Klaha, mwimbaji aliyemrithi, haimbi kwa mbwembwe kama Gackt, na kwa muziki ule ndivyo inavyotakiwa. Mana, mpiga gitaa, na gauni lake jeusi yeye haongei kabisa jukwaani, anaachia gitaa liongee.

Kuna wanaosema bendi hizi za visual kei ni vipodozi tu. Hao wapeni wimbo Vinushka wa bendi ya Dir en grey, dakika tisa na ushee, kutoka albamu ya Uroboros ya 2008. Kyo, mwimbaji wao, ananong'ona, analia, ananguruma, yote koo moja. Toleo la albamu hiyo la 2012 lililosafishwa sauti sikulipenda sana, lile la kwanza lina ukungu wake.

Na bendi ya The GazettE? Albamu ya Dim ya 2009, basi. Ile ya Stacked Rubbish naruka nyimbo nyingi, samahanini.

Haya, leteni albamu zenu.