Si nilikwambia?

Tangu Jumatano kuna maneno yananizunguka kichwani na hata nikilala yapo. "Si nilikwambia?" Basi, hayo tu. Yule bibi hakunitukana wala hakupaza sauti, alisema kwa upole kabisa huku anamvalisha mjukuu wake shati, na labda ndo maana yameniingia hivi.

Wiki yenyewe imejaa mambo, inchaji wetu, yaani msimamizi wa kituo chetu cha tiba, kahamishwa, ile ripoti niliyokuwa naililia hapa mwezi uliopita imepita bila swali hata moja, mdogo wenu kakubali kulala chumbani kwake peke yake, na yote hayo nimeyapokea nusunusu.

Tuanze Jumatatu. Bibi kamleta mtoto wa miezi 14, mafua, kikohozi, joto juu kidogo, pua inachuruzika. Mama yake yuko kazini, bibi ndo anashinda naye. Nikamwamkia, nikamuuliza yale maswali ambayo siyaruki hata foleni iwe imefika getini: anakunywa na kunyonya? anatapika kila anachopewa? kapata degedege? kalegea, au analala usingizi usio wa kawaida? Anakunywa vizuri, mengine yote hapana. Mtoto mwenyewe alikuwa kanivuta kitambulisho shingoni anataka kukitia mdomoni. Nikamwomba bibi ampakate vizuri, nikafunua shati, nikaweka saa mbele yangu na kuhesabu pumzi. Dakika nzima, siyo nusu halafu unazidisha mara mbili, manake mtoto mdogo mara anaharakisha mara anatulia na ukikata katikati unadanganyika. Akalia nikaacha, akanyamaza nikaanza upya. 36. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka tunaanza kusema anapumua haraka ikifika 40, angekuwa na miezi 2 mpaka 11 ni 50, na kale kachanga ambako hakajafika miezi 2 ni 60. Kifua hakibonyei, akivuta hewa hakoromi, masikio masafi. Mafua ya kawaida.

Bibi akauliza, "Sasa dawa yake?"

Nikamweleza paracetamol joto likimsumbua, maji ya chumvi ya kulainisha pua, kunyonya na vinywaji mara kwa mara, na kulala kwake. Akasema, "Na ile ya pinki, ya kutikisa?" Nikamwambia hiyo bibi yangu haina kazi hapa, mafua yanaletwa na virusi na antibayotiki haiviui, itamwachia kuharisha tu, na siku atakapoihitaji kweli tunataka bakteria wawe hawajaizoea. Akanitazama wee. "Kwa hiyo umemkodolea macho tu mwanangu, hujamtibu."

Niliumia lakini nikaendelea, nikamshika kidole nikakiweka pale chini ya mbavu za mtoto, nikamwambia akivuta pumzi ukaona hapa panaingia ndani, au akianza kupumua mbiombio, au akikataa kunywa, usisubiri kesho, njoo hata kama ni saa ya kufunga. Nikamwomba anirudishie mwenyewe nilichosema. Kanirudishia, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda zake.

Jumatano karudi na mtoto. 54, na kifua kinabonyea kila akivuta pumzi. Nimonia. Nikatafuta dalili za hatari moja moja, hana, anakunywa, yuko macho, oksimita ya kidole, kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, inasoma 95. Zamani kifua kubonyea peke yake kilikuwa kinatosha kumpeleka mtoto hospitali, lakini Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo 2014 na mtoto wa namna hii sasa anatibiwa nyumbani, amoksilini asubuhi na jioni kwa siku 5, na siku ya 3 anarudi tumwangalie. Dozi ya kwanza nikampa mwenyewe palepale. Ya pinki, ya kutikisa. Bibi akaiona ile chupa mkononi mwangu.

"Si nilikwambia? Ungempa siku ile asingefika huku."

Jibu ninalo, na tangu siku hiyo namjibu nikiwa naoga, nikiwa kwenye gari, nikiwa nakunja nguo. Bibi, Jumatatu hakuwa na nimonia, nilihesabu kwa macho yangu na nikaangalia kifua chake. Kumpa antibayotiki mtoto mwenye mafua hakuzuii mafua kugeuka nimonia. Na kinachonitisha zaidi ni hiki, ungeondoka na chupa Jumatatu ungekaa nyumbani ukisubiri chupa iishe, kila mtu angesema si yuko kwenye dawa, na hiyo Jumatano nisingekuona. Haya yote sikuyasema. Nyuma yake alikuwa ameshaingia mtoto anayeharisha, macho yamezama, ngozi ya tumbo nikiivuta inarudi polepole, na asubuhi yote iliyobaki ikawa ya kikombe, kijiko na ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha, mama yake anampa kidogokidogo, akitapika tunangoja dakika 10 tunaanza tena, pole pole zaidi. Mchana akaanza kukojoa na kwenda nyumbani na zinki yake. Nilipogeuka bibi alishaondoka zamani.

Jana sasa, napiga pasi sare, ndo nikakumbuka alivyoingia. Sijui kwa nini nilikuwa nimekumbuka alivyotoka tu. Yule bibi Jumatano hakusubiri hata nimwamkie, alifunua shati la mtoto akiwa bado amesimama na kuweka kidole pale pale nilipokiweka mimi Jumatatu, akasema, "Panaingia. Tangu alfajiri." Tangu alfajiri! Na sisi tulikuwa hatujamaliza hata kufungua madirisha. Nyie mnaonisoma muda mrefu mnajua watoto tunaoletewa siku ya nne, midomo imebadilika rangi, hanyonyi tena, na mlezi anakwambia tulidhani ni kikohozi tu. Huyu aliletwa ndani ya masaa. Nikaacha pasi nikakaa kitandani.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yangu na ilikuwa siku yake ya kurudi. Kaja na mama yake, pumzi 37, kifua kimetulia, anakula, na kitambulisho changu kimeingia mdomoni safari hii. Mama yake ananiambia anacheka, "Dada, bibi anatuamsha usiku tumshikie saa yeye ahesabu." Nimemwambia amsalimie sana, na dawa asiache mpaka siku 5 zitimie hata mtoto akianza kurukaruka. Nilitamani kumtumia bibi maneno mengine, nikashindwa kuyapanga, ila nimetembea korido ile na furaha ambayo sijaipata tangu nilipokuwa mwanafunzi wa zamu za usiku.

Halafu narudi nyumbani nakuta ujumbe wa dada mkubwa, anasema Jumanne anakuja, ana jambo anataka tuongee ana kwa ana, siyo la kwenye simu. Nimempigia mara kadhaa hapokei. Shemeji naye anasema hajui lolote, na alivyojibu harakaharaka sijaipenda.