Mwani kwenye karatasi ya buluu: kumbukumbu ya mradi wangu, kaskazi hadi kusi

Desemba

Nimeanza. Karatasi 12 za kwanza nimezipaka dawa jana usiku, zimelala stoo gizani zinakauka, na naandika sasa hivi kabla sijasahau nilivyofanya.

Nataka kutoa picha za mwani wa Paje kwa jua, bila kamera. Shangazi yangu analima mwani tangu miaka ya tisini mwanzoni. Ni kilimo kilichoanza kibiashara hapa Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, baada ya miaka ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo wakulima wanapita 20,000, na wengi wao ni wanawake. Mimi nafundisha kemia skuli. Miaka yote hiyo nimekula, nimesoma na nimevaa kwa mwani wa shangazi, na sijawahi kuuangalia kwa makini. Nataka kuuangalia, na yeye awe pamoja nami.

Njia yenyewe inaitwa sayanotaipu. Aliigundua John Herschel, mtaalamu wa falaki wa Uingereza, mwaka 1842. Mwaka uliofuata bibi mmoja aliyeipenda elimu ya mimea, Anna Atkins, akaanza kuitumia kutoa kitabu cha mwani wa kwao. Wakati ule watu wa fani walikuwa na kitabu cha William Harvey cha 1841, kizuri lakini hakina picha, na mwani ni tabu kuuelewa kwa maneno matupu. Basi Atkins akawa analaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, anaanika juani, anaosha, karatasi moja moja, miaka kumi, mpaka 1853. Mimi nilishikwa na jambo moja: majina ya mwani aliyaandika kwa mkono wake, yakatoka meupe pale pale chini ya mmea.

Dawa ni chumvi mbili za chuma. Feriki amonia sitreti gramu 25 kwenye mililita 100 za maji, na potasiamu ferisianidi gramu 10 kwenye mililita 100 nyingine. Kila moja chupa yake, na unachanganya nusu kwa nusu siku ya kupaka tu. Kupima gramu nilienda kwa sonara mjini, maana mizani yangu ya jikoni haiaminiki. Alipima kwa utulivu ule ule anaopimia dhahabu, akaniuliza hii ni ya nini. Nilipomweleza akasema nimletee moja akaione.

Januari, bamvua ya kwanza

Bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupwa vizuri mnamo saa nne asubuhi, na jua linakuwa limeshapanda. Nimekwenda na shangazi mpaka shambani: safu za mambo, yaani vijiti, yaliyokitwa mchangani, kamba zimevutwa baina yao, na kila baada ya shubiri hivi kipande cha mwani kimefungwa kwa taitai, kile kikamba chembamba. Kipande kikifungwa kina gramu 100 hivi, na baada ya wiki sita unavuna fungu la kujaza mikono miwili.

Nilichagua tawi, nikalisuuza kwa maji matamu (chumvi ikibaki inaacha madoa), nikalilaza kwenye karatasi, kioo cha dirisha juu, vibanio vya nguo pembeni. Dakika saba. Hapa nataka nieleze polepole, maana hili ndilo linalonifanya nirudie kila bamvua. Karatasi inatoka stoo ikiwa ya manjano yenye ukijani. Juani inaanza kugeuka, kwanza samawati, halafu inaiva, mpaka inakuwa kijivu cha shaba iliyochakaa, na hapo unadhani umeiunguza. Ukiitia majini ile manjano inamiminika kama chai, na palipokuwa na mwani panabaki peupe pe, mpaka ncha ndogo kabisa za matawi. Pengine pote panazama buluu. Kilichotokea ni kwamba mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, imegeuza chuma cha feriki kuwa feri, kikashikana na ile ferisianidi, ikazaliwa buluu ya Prusia ambayo haiyeyuki majini. Nimelifundisha badiliko la feriki na feri ubaoni miaka tisa. Sikuwahi kuliona likitokea mkononi mwangu.

Lakini picha zote tano zilififia. Nilizitia kwenye ndoo ya maji ya kisima na mbele ya macho yangu buluu ikawa inaondoka, mpaka moja ikabaki kivuli tu.

Januari, wiki mbili baadaye

Nimepata sababu. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa na yana ualikali (kinyume cha asidi), na alikali huivunja buluu ya Prusia. Nilikata karatasi moja iliyokwishaanikwa vipande vitatu. Kimoja nikakiosha kwa maji ya kisima, kimoja kwa maji ya mvua ya tangi la msikiti, kimoja kwa maji ya kisima niliyokamulia ndimu moja kwa ndoo. Cha kwanza kimepauka. Cha pili na cha tatu buluu yake imekoza, na kesho yake ilikoza zaidi yenyewe kwa hewa. Tangu siku hiyo ndimu haikosekani kwenye mkoba wangu.

Vipande vitatu vile nimevibandika ukutani darasani. Kidato cha tatu waliniuliza maswali ambayo kwa asidi na alikali za chupani hawajapata kuniuliza.

Maji ya kuoshea siyamwagi pwani. Nayatia shimoni nyuma ya nyumba. Dawa hizi si sumu kali, lakini sitaki shamba la mtu liwe jalala la kazi yangu.

Februari

Nimempelekea shangazi picha niliyoipenda kuliko zote. Matawi yake yamejipinda kama maandishi, na katikati kuna sehemu ambazo hazikutoka nyeupe, zimetoka samawati nyepesi, kama moshi. Nilidhani huo ndio uzuri wake.

Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama kitambo.

"Huu umeshaugua, mwanangu."

Nikamuuliza kajuaje, na picha haina rangi ya mwani wenyewe.

"Si huu hapa umekuwa mwepesi? Na hapa umekatika. Wewe umeuchagua kwa uzuri. Mimi huu nilishaukatia tamaa."

Nilirudi shambani kuhakikisha. Mwani ukipata joto kali na maji yakatulia, sehemu za tawi hupoteza rangi, zinakuwa nyeupe na laini, halafu tawi linakatika hapo hapo. Sehemu iliyopoteza rangi haizuii tena jua, mionzi inapenya, na kwenye karatasi inatoka samawati. Kwa hiyo karatasi yangu inaonyesha ugonjwa, na ningeweza kukaa nayo mwaka mzima bila kulijua hilo. Aliyejua kuisoma ni mtu ambaye hajawahi kuona sayanotaipu maishani mwake.

Hapo mradi umebadilika. Sitafuti tena tawi zuri. Shangazi ndiye anachagua.

Alinisimulia pia habari za kotonii. Zamani walilima aina mbili, kotonii na spinosam, na kotonii ndiyo yenye bei. Halafu ikaanza kufa kwenye maji mafupi, msimu baada ya msimu, mpaka wengi wakabaki na spinosam peke yake. Dk. Flower Msuya, ambaye ameufanyia kazi mwani huu miaka mingi pamoja na wakulima wenyewe, amelieleza jambo hilo: maji ya ufukweni yamezidi joto, na kotonii haivumilii. Amejaribu pamoja nao kupanda kwenye maji ya kina, kwa nyavu za mirija. Ila maji ya kina yanataka chombo, yanataka kujua kuogelea, na wanawake wengi wa rika la shangazi hawakufundishwa. Alipofika hapo shangazi alinyamaza, na mimi sikumuuliza zaidi.

Machi

Majina. Nilimwomba shangazi aandike mwenyewe chini ya kila picha: aina, siku ngapi tangu kufungwa, na hali yake. Akasema hati yake nzuri ni ya chuoni, alikosomea Kurani. Basi ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino mweusi, juu ya plastiki angavu ile ya kufunikia madaftari. Wino unazuia jua, maandishi yanatoka meupe.

La kwanza niliiweka plastiki kinyume na maneno yakatoka yamegeuka. Yeye ndiye aliyeliona. Sasa naweka alama ya mkasi kwenye pembe ya juu kulia.

Masika imeingia. Jua hakuna, karatasi hazikauki, dawa iliyochanganywa inaharibika. Nimesimama.

Juni

Kusi imeanza, maji yamepoa, mwani umejaa. Nimefuata kamba moja tangu siku ya kufungwa: siku ya 1, ya 15, ya 30, ya 44. Picha nne za kipande kile kile, kila mara nakifungua, nakianika, narudisha. Nilizilaza pembeni mwa zile za Februari, na tofauti haihitaji maelezo. Za Februari zimejaa moshi. Za Juni ni nyeupe pe.

Ijumaa baada ya sala nimezitundika picha 23 kwa vibanio kwenye banda la kuanikia mwani. Nilitegemea watu wapite, watazame, waondoke. Walikaa mpaka magharibi. Bi mkubwa mmoja alibisha kwamba ile ya siku ya 30 si ya siku 30, ni ndogo mno, basi shangazi akaeleza kamba ilikuwa upande wa mkondo. Wakaanza kulinganisha mashamba yao, nani yuko kwenye mkondo, nani yuko kwenye dimbwi linalopata moto maji yakipwa. Mwengine akauliza kwa nini sikuweka kipimo kwenye picha, atajuaje ukubwa. Ana haki. Kuanzia sasa kila karatasi ina rula pembeni.

Dada mmoja anayetengeneza sabuni ya mwani aliuliza kama tunaweza kuchapa kwenye kitambaa cha pamba, auze pamoja na sabuni zake. Tumejaribu, inatoka vizuri mno. Tatizo ni kwamba sabuni ni alikali: ukikifua kitambaa kile kwa sabuni yake, mwani utafutika. Nilimwonyesha kwa kipande. Akafikiri, akasema basi tusikate nguo, tukate pazia na picha za ukutani, vitu visivyofuliwa kila wiki, na karatasi ya maelezo iseme wazi: maji na ndimu tu.

Sonara nilimpelekea yake. Ameitundika juu ya mizani.

Julai, mpaka hapa

Nina picha 41 zinazosomeka, 26 zimeandikwa kwa mkono na watu wanne tofauti. Nimenunua daftari la kurasa ngumu. Joto la maji nalipima kila bamvua na namba inaingia chini ya picha.

Jana shangazi alikuja mwenyewe nyumbani, amebeba tawi la kotonii ndani ya ndoo. Jirani yake amelipata kwenye maji ya kina, nje ya mwamba, ambako mwanawe anakwenda na ngalawa. Shangazi alikuwa hajashika kotonii hai yenye afya kwa miaka. Alinikatalia nisilisuuze mimi. Amelisuuza, amelipanga matawi yake moja moja kwa kijiti, amelifunika kioo, akakaa pembeni kulilinda na kuku dakika zote saba.

Bamvua ijayo tunakwenda na ngalawa ile kuchukua mengine manne.