Kabla Hujaingia Chini ya Gari

Jumamosi moja asubuhi, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nikibadilisha pedi za breki za mbele za Toyota IST yangu uani kwetu Tabata, nikiwa nimeliinua gari kwa ile jeki ndogo ya mkasi inayokaa kwenye buti pamoja na spea. Ua wetu wakati ule ulikuwa wa mchanga mtupu, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Nilipoivuta spana kwa nguvu ili kulegeza boliti iliyoshikwa na kutu, niliona kitako cha jeki kikizama upande mmoja, taratibu, kama mguu wa kiti kwenye tope. Nilirudi nyuma hatua moja, na gari likashuka. Kilicholizuia lisifike chini ni tairi nililokuwa nimelifungua, ambalo marehemu baba alinizoesha kulilaza chini ya ukingo wa bodi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Diski ya breki ilibaki ikining'inia sentimita chache kutoka ardhini, mahali hasa ulipokuwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo ninawasihi jamaa na majirani wanaopenda kujitengenezea magari nyumbani watenganishe kabisa kazi mbili ambazo wengi wetu huzichanganya, yaani kuinua gari na kulishikilia likiwa juu. Jeki hufanya ya kwanza tu. Gari dogo kama hilo langu lina uzito wa takriban tani 1, na jeki ya mkasi ilitengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi lenye pancha barabarani, si kwa mtu kujilaza chini yake akimwaga oili. Jeki ya haidroliki ina nguvu zaidi, lakini mzigo wote umebebwa na mafuta yaliyozuiwa na sili ndogo ya mpira. Sili hiyo ikichoka, gari hushuka bila kelele yoyote.

Kazi ya kushikilia ni ya stendi za chuma, zile zenye miguu minne na pini au meno ya kupandishia, ambazo huuzwa kwa jozi na huandikwa uzito zinaoweza kubeba. Asiye nazo asiingie chini ya gari. Ninalisema hili nikijua kwamba wengi hukimbilia matofali ya saruji, kwa kuwa hayakosekani katika ua wowote unaojengwa. Tofali hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta huenea juu yake lote, ilhali gari hulikandamiza mahali padogo penye upana wa vidole viwili au vitatu. Na saruji haipindi kwanza kama chuma, wala hailalamiki kama mbao, bali hupasuka mara moja.

Ardhi iwe ngumu na tambarare. Kwenye mchanga, au juu ya lami iliyolainishwa na jua la mchana, weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Jeki ya magurudumu ina jambo lake la ziada: mkono wake hupanda kwa kuchora upinde, kwa hiyo jeki yenyewe ni lazima iweze kujongea kidogo kadiri gari linavyopanda. Magurudumu yake yakikwama mchangani, kichwa chake huteleza na kutoka kwenye chuma cha gari kinachokiinua.

Halafu kuna suala la gari kutembea, ambalo halielezwi vya kutosha. Breki ya mkono katika magari mengi madogo hushika matairi ya nyuma peke yake, hivyo ukiinua nyuma yote, umeiondoa kazini. Kuweka gia kwenye P, yaani ya kuegesha katika gari la otomatiki, nako hakutoshi kwa gari linalovutwa na matairi ya mbele: tairi moja la mbele likiwa hewani, difu, yaani gia zinazoyaruhusu matairi mawili yazunguke kwa mwendo tofauti, huliruhusu lizunguke, na lile lililobaki chini linaweza kubiringika. Tena anayefungua ngoma za breki za nyuma hulazimika kuilegeza breki ya mkono ili ngoma itoke. Ndiyo maana kabari ni za lazima, mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Mtazame utingo wa lori linaposimama mlimani: hushuka na gogo lake mkononi kabla dereva hajafungua mlango.

Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, kwa sababu kuzivuta gari likiwa juu ni kulitikisa bila sababu. Pa kuwekea jeki na stendi pameonyeshwa katika kitabu cha gari; kwa kawaida ni kwenye ukingo wa bati lililokunjwa chini ya milango, kati ya alama mbili ndogo zilizokatwa, na kamwe si kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, wala sakafu. Gari likishakaa juu ya stendi, mimi husimama pembeni na kulisukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu. Likicheza, nalishusha na kuanza upya, hata kama ni mara ya tatu. Likitulia, naiacha jeki ikigusa chini ya chuma imara, nalilaza tairi chini ya ukingo kama alivyonifundisha baba, na ndipo ninapotandika boksi la kulalia.

Wakati wa kushusha, hesabu vifaa vyako na uhakikishe watoto wako mbali. Nati hukazwa kwa kuruka upande wa pili, si kwa kufuatana, na hukazwa kikamilifu tairi likiwa limegusa ardhi. Mimi huzikagua tena kwa spana siku inayofuata, baada ya kuliendesha gari kwenda kazini na kurudi.