Mwanasesere wa kitenge katika wodi ya watoto walioungua

Nimekuwa muuguzi wa watoto walioungua kwa miaka kadhaa hapa Tanzania, lakini aliyenifundisha thamani ya mchezo ni msichana wa miaka 5 aliyemwagikiwa uji wa moto kifuani na mkononi. Kwa siku tisa hakutuambia neno. Kila tulipomkaribia na trei ya kusafishia vidonda alijikunja na kulia, nasi, kwa haraka ya kazi, tulimshika kwa nguvu huku tukimwuliza anaogopa nini, jambo ambalo mtoto wa umri huo hana maneno ya kulijibu.

Nilishona mwanasesere kwa vipande vya kitenge, nikampa pamoja na bandeji na bomba la sindano lisilo na ncha. Nilichagua alasiri, wakati dawa ya maumivu ilikuwa bado inafanya kazi, tukaketi mkekani mbali na chumba cha vidonda, kwa sababu mtoto hawezi kucheza kwa amani mahali anapoumizwa. Mama yake alipotaka kumwonyesha namna ya kufunga bandeji, nilimwomba, "Mama, tumwache atuonyeshe yeye."

Siku mbili alifunga na kufungua tu. Siku ya tatu alimkandamizia mwanasesere lile bomba, akasema kwa ukali, "Nakuchoma tena, maana ulivuta sufuria."

Nilishtuka. Nyumbani alisikia watu wakisema amechomwa na uji; hospitalini tukamwambia, "Njoo tukuchome sindano." Kwake neno lilikuwa moja, hivyo aliamini kwamba tulikuwa tunamuunguza upya ili kumwadhibu. Sikumsahihisha moja kwa moja, bali nilizungumza ndani ya mchezo wake: "Daktari, mwambie mgonjwa wako kwamba hana kosa, na kwamba dawa hii ni ya kumponya." Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamnong'oneza mwanasesere maneno hayohayo. Mama yake alilia, kwa kuwa alikuwa amemgombeza siku ya ajali kutokana na woga wake mwenyewe.

Tangu hapo tunasema "kudunga sindano", na hatumwambii mtoto kwamba haitauma. Msichana yule aliendelea kulia wakati wa kusafishwa, kwani mchezo hauchukui nafasi ya dawa ya maumivu, lakini alinyoosha mkono mwenyewe na kuchagua bandeji ya kuanza nayo.

Nilipoomba nusu saa ya mchezo kila siku, wenzangu waliona ni kupoteza muda. Niliwakumbusha kwamba kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinatambua haki ya mtoto ya kucheza, na haki hiyo haikomi anapolazwa. Sasa kila mtoto ana mwanasesere wake, anayefuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, wala haazimwi mwingine kwa hofu ya kuambukizana vijidudu. Anaporuhusiwa kurudi nyumbani, huondoka naye.