Nilivyouhamisha mlango wa chumba

Mlango wa chumba changu ulikuwa ukifungukia kwenye kabati. Kila asubuhi, kishindo kilekile. Kabati halikuwa na pa kwenda, basi nikaamua mlango ndio uhame, sentimita 90 kushoto. Ukuta wenyewe ni wa mbao uliofunikwa bodi za jipsamu pande zote mbili, kwa hiyo haikuwa kazi ya tindo.

Kwanza nilipanda darini. Mbao za dari zilikwenda sambamba na ukuta, hakuna hata moja iliyoulalia. Zingekuwa zimeulalia, ningemwachia fundi anayejua kuegemeza dari kabla ya kukata. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikatoboa tundu dogo na kumulika ndani kwa tochi. Nashukuru nilimulika: waya wa swichi ya taa ulipita palepale nilipokusudia kukata. Nikamwita fundi umeme auhamishe, maana umeme si kitu cha kujaribia.

Nguzo za ukuta zilikuwa zimeachana sentimita 40. Niliondoa mbili, nikasimamisha mbili mpya nzima, na ndani yake mbili fupi za kubeba linta, yaani mbao inayolala juu ya mlango. Ile mbao ya chini inayolala sakafuni niliikata mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo inayoishika miguu ya nguzo isiyumbe. Uwazi niliuacha wa sentimita 88: 80 za mlango, 6 za fremu, 2 za kabari.

Hizo kabari zilinila nusu siku. Fremu ukiiegemeza kushoto, kulia inajikunja. Ukikaza skrubu, pimamaji linakusuta. Mambo yalininyookea pale nilipoanza na upande wa bawaba tu, nikausawazisha kwa timazi, ndipo nikaufuata ule wa kitasa.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe bado tundu la zamani. Nilijaza nguzo katikati, nikafunga bodi mpya, nikapitisha mkono: ngazi! Bodi ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 12.5, niliyonunua mimi ni ya 9. Hakuna jipsamu ya unga itakayoficha tofauti hiyo bila kuacha kinundu. Nilifungua skrubu zote, nikabandika vipande vya kadibodi ngumu juu ya nguzo hadi nyuso zikalingana, nikafunga tena. Kisha utepe kwenye viungo, jipsamu mikono mitatu, kila mkono ukikauka kabla ya unaofuata, na msasa. Vumbi lake jeupe lilifika hadi ndani ya viatu vilivyokuwa chumba cha pili.

Hata hivyo, taa ikipiga kwa ubavu, mstari ulionekana. Nikapiga msasa tena, na tena. Siku ya kurudisha vyombo ndipo nilipotambua kwamba pale palipokuwa na mlango sasa panatosha kabisa kabati, nalo likaufunika mstari wote.