Usiku Pete alipokula

Jana jioni mpwa wangu alinipigia simu. Shikamoo yenyewe ilitoka nusu. "Mjomba, leo siku ya kumi na moja na chatu wangu bado hajagusa kitu. Wewe Pete ulimfanyaje mpaka akala?"

Nikageuka kumtazama Pete, chatu wangu, kichwa amekilaza ukingoni mwa bakuli la maji, mnene kama kifundo cha mkono wangu, na jibu likanikwama. Nilimwambia nitampigia baadaye. Kisha nikaanza kupekua makabati kutafuta lile daftari la miaka tisa iliyopita.

Mnamjua Pete wa sasa, asiyekataa mlo isipokuwa ule msimu ambao madume wa aina yake hususa kula wakiwaza majike. Alipokuja hamkumwona. Alikuwa na gramu 62, unene wa kidole gumba, urefu wa rula na kidogo. Ni Python regius, chatu wadogo wa nyika za Afrika Magharibi na ya Kati, ambao wakiogopa hujiviringisha wakawa donge na kuficha kichwa katikati. Porini mchana kutwa hulala kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Hilo nilikuwa nimelisoma mapema, na bado nikamweka kwenye sanduku kubwa la kioo, taa juu, pango moja pembeni ambalo wangeenea wanne wa saizi yake. Nilimpa uwanja. Yeye alitaka shimo.

Aliyeniuzia alisema anakula vizuri. Hakusema anakula nini, nami sikuuliza. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba vifaranga wengi wa chatu huanzishwa kwa panya hai, na kwamba panya aliyegandishwa kisha akayeyushwa, kwa kifaranga kama huyo, huenda asionekane chakula hata kidogo.

Daftari liko hivi: 62, amekataa. 61, amekataa. 60. 59, amekataa, nimejaribu panya mweupe. 57. Wiki tano hizo nilibadilisha kila kitu kila baada ya siku mbili. Panya mkubwa, panya mdogo, mchana, usiku. Kila siku nilimtoa nimpapase mgongo nione kama mifupa imeanza kuchomoza. Usiku usingizi ukinikataa, nilimwendea na tochi. Nilimpenda, na sikujua namna nyingine ya kuonyesha.

Daktari wa wanyama alimfungua mdomo taratibu akatafuta ute na vidonda, akakagua kati ya magamba kama kuna utitiri, akampima. Hakuona tatizo. Nilimwomba amlishe kwa nguvu, hata kwa bomba. Akakataa kabisa. Akasema nyoka mwenye afya hafi kwa kupungua gramu tano, ila kulazimishwa kunaweza kumuumiza koo na kumzidishia woga. Akaniagiza nitafute sanduku dogo la plastiki lisiloonyesha ndani, niweke mapango mawili ya kumbana hasa, upande mmoja joto nyuzi 32, upande wa pili 26. Maji. Halafu nisimguse wiki nzima. "Na usichungulie," akaongeza, nikiwa nimeshashika kitasa cha mlango.

Ile wiki siielezi. Ilikuwa ndefu.

Siku ya saba asubuhi, nikibadilisha maji, nilikuta gamba lake, zima, limevuliwa kama soksi hadi ncha ya mkia. Jioni nikatoa mtoto wa panya aliyekuwa akiyeyuka kwenye friji tangu jana yake, yule wa gramu nane hivi aliyeanza kuota manyoya. Nikamtia kwenye mfuko, mfuko kwenye maji ya moto, na mwisho nikakizamisha kichwa chake tena ili kiwe na joto kuliko mwili. Nikazima taa zote, nikaacha ule mwanga hafifu wa ukumbini tu. Nikapiga magoti.

Nilifungua kifuniko kadiri ya kupitisha kibano. Panya nilimshika kwa ngozi ya shingo, mkono wangu ukiwa mbali, maana kando ya midomo ya chatu hawa kuna vishimo vinavyohisi joto, na sikutaka achague kidole. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha mlangoni mwa pango ukatoka ulimi. Ukatoka, ukarudi, ukatoka, haraka haraka. Halafu ukaanza kupunguza kasi. Ukabaki nje, ukipanda na kushuka polepole. Kichwa kikafuata, kidogo kuliko ukucha wangu wa dole gumba la mguu, na nyuma yake shingo ikajikunja taratibu. Nilikuwa sijawahi kumwona akijikunja vile isipokuwa kwa hofu. Hii haikuwa hofu. Macho yake yalikuwa kwa panya, si kwangu.

Sikumwona akiruka. Nilihisi kibano kikivutwa, basi, na nilipotazama panya alikuwa ameshazungukwa mizunguko miwili, na sehemu ya tatu ya Pete ikiendelea kukaza. Mwili wote wa gramu 57 ukatulia pale, ukambana mnyama aliyekufa zamani kama vile uhai wake ulikuwa bado unapigana. Kibano sikukiachia. Niliogopa kwamba nikikitikisa tu atashtuka amteme. Kijasho chembamba kilinitoka. Magoti yalikufa ganzi. Dakika ngapi sijui. Kisha mzunguko mmoja ukalegea, wa pili ukalegea, na pua yake ikaanza kumpitia panya mzima ikitafuta kichwa kilipo. Ikakosa, ikarudi. Ikakipata. Taya la kulia likasogea mbele, la kushoto likafuata, kulia, kushoto, mpaka kikabaki kimkia kikining'inia mdomoni, nacho kikazama. Akapiga miayo miwili mikubwa ya kurudisha mataya mahali pake, akarudi pangoni mwake.

Nikakaa sakafuni gizani. Nililia, ndiyo.

Kwenye daftari usiku ule nimeandika: "Amekula. Saa 4:20." Hakuna kingine. Na hapo ndipo swali la mpwa wangu linaponishinda. Lilikuwa sanduku dogo? Lile gamba alilovua, maana wengi hurudiwa na hamu ya kula baada ya kujivua? Kichwa cha moto? Giza? Au zile siku saba za kutoshikwa na mimi? Nilibadilisha yote kwa mpigo, kwa hiyo siwezi kumchomolea moja nikasema ndilo hili. Wakati mwingine huwa nafikiri angekula tu siku ileile hata kwenye kioo kikubwa. Kisha nakumbuka tochi, na sina uhakika tena.

Nimempigia leo. Nimemwambia apunguze sanduku, afunike pande zote, apime joto sehemu mbili, amwache siku saba. Alinisikiliza bila kunikatiza, si kawaida yake. Nikamsikia akihema.

"Mjomba, usiku naweza kuchungulia mara moja tu?"

Nimemwambia asubiri kidogo, nina mtu mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu.